Honi ya Kombi imenyamaza: itafute ethi kabla ya kununua chochote

SWALI: Shikamoo fundi. Nina Kombi ya Volkswagen ya mwaka 1977 aliyoniachia marehemu baba, naishi Tanga. Mwezi uliopita honi ilianza kulia yenyewe kila nikikata kona ya kushoto. Siku moja ililia mfululizo mpaka nikaegesha pembeni. Nikaupiga usukani kwa kiganja, ikanyamaza, na kutoka hapo haikulia tena. Fundi mmoja akanifungia kitufe cha kengele ya mlango chini ya dashibodi. Kilifanya kazi siku chache, kisha kikayeyuka. Fyuzi haijakatika hata mara moja. Kuna wanaoniambia ninunue honi mpya, wengine wanasema nibadilishe usukani mzima. Nianzie wapi? Nina testa ya taa, spana na plaizi, na sina woga wa kulala chini ya gari.

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole sana kwa kuondokewa na mzee. Amekuachia gari jema, na tatizo lake unaliweza mwenyewe kwa vifaa ulivyonavyo. Usinunue honi, na usukani wa asili usiuguse kwa nia ya kuutupa. Kuupata mwingine ulio mzima si kazi ndogo.

Anza kwa kutulia na kuyasoma uliyoniandikia, kwa sababu nusu ya uchunguzi umeshaufanya bila kujua. Honi iliyokuwa ikilia yenyewe ilikuwa nzima. Fyuzi iliyokuwa ikiilisha ilikuwa nzima, na waya unaoipelekea moto ulikuwa mzima. Kilichoharibika kilikuwa upande wa ethi, yaani upande ambao umeme unarudi kwenye hasi ya betri kupitia bodi ya gari, na kiliharibika mahali panaposogea pamoja na usukani. Kabla hujaingia uvunguni, hayo tayari unayo mkononi.

Ili yaliyobaki yaeleweke, lazima ujue njia ya umeme kwenye Kombi. Ukiwasha swichi, moto unatoka kwenye boksi ya fyuzi kwa waya mweusi wenye mstari wa njano, unakwenda mpaka kwenye honi, ambayo imefungwa chini ya sakafu ya mbele, mahali panapopigwa na tope na maji ya barabarani. Kutoka upande wa pili wa honi unaanza waya wa kahawia, unaopanda hadi kwenye bomba la usukani. Hapo juu kipo kitufe. Kitufe hakipeleki moto popote. Kazi yake ni kuugusisha waya wa kahawia na ethi, basi. Kwa hiyo muda wote swichi ikiwa imewashwa, honi ina moto tayari na inangoja ethi tu.

Ndiyo maana fyuzi yako haikukatika. Waya wa kahawia ukichubuka ukagusa chuma popote pale, umeme unakuwa umeshapita ndani ya koili ya honi. Matokeo yake honi inalia, na mkondo unaopita ni ule ule wa siku zote, ambao kwa honi moja ya kawaida ni ampea 4 au 5 hivi. Mambo yangekuwa tofauti kama ungechubuka ule mweusi wenye mstari wa njano. Huo ukigusa bodi, fyuzi inakatika papo hapo.

Rangi hizi zina jambo ambalo limeleta hasara kwenye Kombi nyingi. Kwenye magari ya Kijerumani kahawia ni ethi, na mweusi ni moto unaotoka kwenye swichi. Fundi aliyekulia kwenye Toyota amezoea ethi iwe nyeupe yenye mstari mweusi, na kwenye Nissan amezoea iwe nyeusi. Akiingia chini ya Volkswagen akauona waya mweusi, mkono wake unaufunga kwenye bodi kabla hajafikiri. Kila ukimkabidhi mtu gari hili, mwambie rangi hizo kwanza.

Sasa kile kitufe cha mlango, maana hicho ndicho cha kuondoa kabla ya kupima lolote. Kitufe cha kengele kimetengenezwa kwa mkondo mdogo sana. Ukikipitishia ampea 4, tena kwa mzigo unaokata na kuunga mamia ya mara kwa sekunde kama ilivyo honi, pointi zake, yaani sehemu zinazogusana kuunga umeme, zinaungua na plastiki inalainika. Kuyeyuka kwake hakukuwa bahati mbaya. Kinachonitia wasiwasi zaidi ni jinsi kilivyoungwa. Kama fundi alileta waya wa moto kutoka mahali pengine, akaupitisha kwenye kitufe mpaka kwenye honi, kisha upande wa pili wa honi akaupiga ethi kwenye chasisi, basi kuna uwezekano ule waya wa asili mweusi wenye mstari wa njano ameuacha unaning'inia chini ya gari ukiwa na moto. Siku waya huo ukigusa chasisi utakata fyuzi, na kwenye Kombi nyingi fyuzi ya honi inalisha vitu vingine pia, mara nyingine taa za breki. Utakuwa unashuka mteremko na magari nyuma yako hayaoni unapokanyaga breki. Kwa hiyo toa ule waya mpya wote, kuanzia alikoutolea moto mpaka kwenye honi, na uangalie hasa kama alikotolea moto kuna fyuzi. Ukikuta ameuunga moja kwa moja kwenye betri bila fyuzi, usiliwashe gari mpaka uwe umeutoa.

Ukimaliza hapo, ingia kwenye kupima. Kabla hujawasha swichi, nenda nyuma kwenye injini, uchomoe ule waya mweusi unaoingia kwenye koili ya kuwashia injini, kwenye terminali yenye namba 15, kisha uuzungushie tepu kwa sababu utakuwa na moto. Injini ya Kombi yako, kama haijabadilishwa mfumo, inatumia pointi kwenye distribyuta. Swichi ikiwashwa injini ikiwa imesimama na pointi zikiwa zimefunga, koili inakaa inapata moto bila kupumzika, inachemka, na pointi zinaungua. Nimeona watu wakitafuta hitilafu ya honi kwa nusu saa na mwisho gari likakataa kuwaka, wakadhani wamegusa waya mwingine.

Weka gari mahali pa tambarare, vuta hendibreki, zuia matairi ya nyuma kwa mawe. Ukilinyanyua mbele, litegemeze kwa stendi. Usilale chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake. Washa swichi. Funga klipu ya testa kwenye chuma cha chasisi ulichokikwangua kikang'aa, kisha gusa terminali ya honi yenye waya mweusi na njano. Taa iwake vizuri. Isipowaka, rudi kwenye boksi ya fyuzi. Zile fyuzi za Kombi zenye umbo la risasi ndogo, zenye ncha mbili zilizobanwa na ndimi za shaba, huonekana nzima huku ncha zake zimeota ukungu. Izungushe fyuzi kwa vidole mahali pake mara kadhaa. Mara nyingi moto unarudi hapo hapo. Baadaye itoe, sugua ndimi kwa msasa laini, uzikaze kidogo kwa plaizi. Rejesha ya ampea sawa na ya asili: nyeupe ni ampea 8, nyekundu ni ampea 16. Kama umekuta karatasi ya sigara au uzi wa waya badala ya fyuzi, ondoa leo hii.

Taa ikiwaka kwenye mweusi, gusa sasa terminali ya pili, ile ya kahawia, huku waya wa kahawia ukiwa umechomolewa. Hapo pia taa iwake. Moto unapita ndani ya koili na pointi za honi kuja kwenye testa, lakini taa ya testa inavuta umeme kidogo mno kuifanya honi ilie. Ikiwaka, ndani ya honi njia ya umeme haijakatika. Kisha chukua kipande cha waya, upande mmoja uguse terminali hiyo, mwingine uguse chasisi. Honi ikilia, umemaliza kubishana na wanaokuambia ununue mpya.

Ikitoa sauti ya "tik" tu, au ikikoroma, usikate tamaa nayo bado, nitakuja kwayo.

Rudisha waya wa kahawia kwenye honi, kisha panda kwenye usukani. Fungua kifuniko kinachoficha sehemu ya swichi ya indiketa, utafute mwisho wa juu wa waya huo. Gusa kwa testa, klipu ikiwa bado kwenye ethi. Taa ikiwaka, waya mzima kutoka kwenye honi hadi hapo ni salama. Isipowaka, na kule chini ilikuwa inawaka, waya umekatika katikati, na una mita chache tu za kutafuta. Angalia panapopita kwenye tundu la sakafu, kama ule mpira wa kuulinda umekauka na kudondoka. Angalia kila mahali palipozungushiwa tepu na mtu aliyekutangulia. Halafu shika waya kwa mikono miwili, uuvute taratibu kipande kwa kipande. Shaba haivutiki. Ukikuta mahali waya unarefuka kama mpira, hapo shaba ndani imekatika na kilichobaki ni ganda. Kwa mji wa pwani kama Tanga, mwenye hewa ya chumvi, hitilafu ya namna hii ni ya kawaida: nje waya unaonekana mpya, ndani shaba imegeuka kijani au nyeusi.

Kwa dalili ulizonipa, mimi ningeweka mkono wangu huko juu kwanza, kwenye kichwa cha usukani. Honi inayolia kwenye kona ya upande mmoja tu inamaanisha kuna kitu kinachozunguka na usukani kilichokuwa kinaufikia waya, au sehemu nyingine iliyounganishwa nao, mahali pasipostahili. Inawezekana waya ulichomoka kwenye kishikizo chake ukaanza kusuguliwa na kitako cha usukani, ganda likaisha, shaba ikagusa, honi ikalia. Ulipoupiga usukani kwa kiganja, uzi wa mwisho ukakatika. Utaona mwenyewe ukifungua: tafuta ganda lililosuguliwa mpaka likang'aa, au ncha ya shaba iliyokatika na kuwa na weusi wa kuungua.

Jinsi ethi inavyofika kwenye kitufe hutofautiana kati ya Kombi na Kombi, na hili ni vizuri ulijue kabla hujaanza kushangaa. Kuna zenye pete ya shaba nyuma ya usukani, na ulimi wa shaba wenye springi unaosugua juu ya pete hiyo. Waya wa kahawia unaishia kwenye ulimi, na kitufe kinaunganisha pete na shafti ya usukani. Kuna nyingine ambazo waya mwembamba unashuka ndani ya shafti yenyewe kwenda kutafuta ethi chini. Ukiwa na aina ya kwanza, angalia kama ulimi bado una nguvu ya springi na kama pete haijapinda. Pete iliyopinda hugusa upande mmoja wa mzunguko, na hiyo nayo inaweza kukupa honi ya kona ya kushoto. Sugua pete kwa msasa laini, ipanguse kwa spiriti, upake vaselini nyembamba kabisa. Ukilazimika kuutoa usukani, weka matairi yanyooke, piga alama kwenye shafti na kwenye usukani ili urudi jino lile lile, na nati yake ikazwe kwa spana sahihi.

Aina zote mbili zinakutana chini, mahali ninapotaka ukae kwa muda mrefu kuliko kwingine kote.

Shafti ya usukani haiungani na boksi ya usukani chuma kwa chuma. Kati yake kuna kapulingi ya mpira, kisahani kinene kilichofungwa kwa bolti, kilichowekwa ili mtikisiko wa barabara usifike mikononi mwako. Mpira haupitishi umeme. Kwa hiyo waliotengeneza gari waliruka mpira huo kwa kipande cha waya au utepe wa waya uliosukwa, kutoka upande wa shafti kwenda upande wa boksi, na boksi iko kwenye chasisi. Ule utepe ukikatika, au mtu akibadilisha kapulingi akausahau, shafti nzima inabaki bila ethi. Honi ni nzima, fyuzi ni nzima, waya wa kahawia ni mzima, kitufe ni kizima, na bado hakuna sauti. Kombi nyingi zilizofungwa vitufe vya mlango chini ya dashibodi zilikuwa na ugonjwa huo tu.

Kuupima ni rahisi. Hamisha klipu ya testa kutoka kwenye ethi uiweke kwenye moto, mfano kwenye ulimi wa boksi ya fyuzi wenye moto. Sasa testa inatafuta ethi. Gusa bodi kwanza uone inawaka, kisha gusa ile nati iliyo katikati ya usukani. Iwake kwa nguvu ile ile. Ikiwaka kwa uhafifu au isipowaka, chukua waya, upande mmoja ushikilie kwenye shafti juu ya kapulingi, mwingine kwenye chuma safi cha bodi, mwambie mtu abonyeze kitufe. Honi ikilia, umempata mwizi. Na kama waya wako wa kahawia ulikuwa ukisugua kwenye kitako cha usukani, kulia kwake kunaonyesha kwamba siku hiyo shafti ilikuwa na ethi. Lakini pima hata hivyo, kwa sababu mtu ameshapita humo tangu siku hiyo.

Unapokuwa hapo kwenye kapulingi, kumbuka umeshika kitu kinachoelekeza matairi. Ukiona mpira una nyufa, umechanika kuzunguka bolti, au umelowa oili mpaka ukalainika, badilisha kapulingi yenyewe. Bolti zake zina namna ya kufungiwa zisilegee. Vifungio hivyo na nati za kujibana viwekwe vipya, vya zamani visirudishwe. Usikubali kabisa fundi akutolee mpira akuwekee kipande cha bati nene "ili ethi ipite." Ethi itapita, na siku moja bati hilo litavunjika. Kama huna uhakika wa mkono wako kwenye bolti hizo, fanya umeme wewe mwenyewe, na bolti umwite fundi wa makenika azikaze mbele yako. Utepe mpya uwe na urefu wa kutosha kujipinda kila usukani unapozunguka. Ukiuweka umenyooka kama kamba ya kuanikia, utakatika tena.

Ukishajua ulipokatika, toa klemu ya hasi ya betri, iliyopo nyuma kwenye chumba cha injini, ndipo uanze kutengeneza. Kata waya wa zamani kurudi nyuma mpaka ukutane na shaba inayong'aa. Ukikata sentimita kumi na bado ni nyeusi, kata tena. Shaba iliyokufa haipokei lehemu, na maungio utakayoyafanya juu yake hayatadumu. Ikiwa weusi unaendelea, badilisha waya wote kuanzia honi hadi usukani. Mita chache za waya wa gari wa milimita za mraba 1.5 hazitakufilisi, na ukipata wa rangi ya kahawia nunua huo, ili fundi wa miaka kumi ijayo asome vizuri. Chagua waya wa nyuzi nyingi nyembamba. Ule wa nyumbani wenye uzi mmoja mnene usiuweke kwenye gari, mtikisiko utauvunja.

Kwenye maungio, watu wengi huvua ganda pande mbili, wakasokota, wakazungusha tepu. Pwani hapa gundi ya tepu hulainika kwa joto, tepu inateleza, unyevu wa chumvi unaingia, na baada ya masika umerudi ulikoanza. Tumia kiungio cha kubana chenye ukubwa sahihi, kibanwe kwa plaizi ya kazi hiyo, ukivute kwa nguvu kuona kama kinatoka. Ukipenda kulehemu, lehemu, lakini kwa risasi yenye dawa ya utomvu ndani yake. Tindikali wanayotumia mafundi bati isikaribie waya wa gari; inaendelea kuila shaba chini ya ganda muda mrefu baada ya wewe kumaliza. Na uelewe kwamba mahali palipolehemiwa panakuwa pagumu, na waya hupenda kukatika pale ugumu unapoishia, kwa hiyo maungio yakae mahali tulivu, yameshikizwa, mbali na sehemu inayozunguka. Juu yake vuta mpira-bomba unaosinyaa ukipashwa moto, ule wenye gundi ndani. Usisahau kuuvisha kwenye waya kabla ya kuunga.

Usidharau maungio mabovu kwa sababu tu yanapitisha umeme "kidogo." Chukua mfano: honi yenye ukinzani wa omu 3 kwenye volti 12 inapata ampea 4. Weka kutu kwenye maungio yenye ukinzani wa omu 1 tu. Mkondo unashuka kuwa ampea 3, honi inabaki na volti 9, na wati 9 zinageuka kuwa joto pale pale kwenye maungio. Testa ya taa itawaka na utadhani kila kitu ni sawa, kumbe honi inakoroma na ganda linaendelea kuiva. Ndiyo maana baada ya kutengeneza napenda kupima kwa multimita huku kitufe kimebonyezwa: kutoka terminali ya kahawia ya honi hadi hasi ya betri, volti zikaribie sifuri. Zikizidi nusu volti, kuna maungio mengine yanayokudai.

Unapopitisha waya, uwekee mpira mpya kwenye tundu la sakafu, ushikize kila umbali wa kiganja na nusu, na karibu na honi uache ushuke chini kidogo kabla haujapanda kwenye terminali. Maji yanayotiririka kwenye waya yatadondokea hapo chini badala ya kuingia kwenye terminali. Kule juu kwenye usukani uulaze nyuma ya kishikizo chake, kisha zungusha usukani kutoka mwisho hadi mwisho ukiangalia kwa tochi kama kuna kinachoufikia. Hiyo ndiyo kona yako ya kushoto, imalize hapo.

Kuhusu honi inayosema "tik" au kukoroma. Ndani yake kuna koili inayovuta kiwambo cha chuma. Kiwambo kikivutwa kinafungua pointi, umeme unakatika, kinarudi, pointi zinafunga, kinavutwa tena. Pointi zikiota kutu au zikipoteza nafasi yake, kiwambo kinavutwa mara moja kinakaa. Nyuma ya honi kuna skrubu ndogo, mara nyingi imefunikwa kwa nta au rangi. Ipige honi kwa muda mfupi mfupi, uizungushe skrubu kidogo sana kila mara, sehemu ya nane ya mzunguko, kwenda upande mmoja. Sauti ikizidi kuharibika rudi upande wa pili. Ikifunguka sauti safi, ziba skrubu kwa tone la rangi. Hakikisha pia honi imeshikwa na kile kishikizo chake cha bati la springi na haigusi bampa wala bodi, maana ikigusa chochote sauti inadumaa hata ikiwa mpya.

Hukuuliza kuhusu rilei, yaani swichi inayoendeshwa kwa mkondo mdogo ili ipitishe mkondo mkubwa, ila najua utaambiwa uifunge. Kwa honi moja ya asili haihitajiki. Ukitaka honi mbili zenye sauti kubwa kwa ajili ya malori ya barabara ya Segera, hapo ndiyo, kwa sababu mkondo wake utazichosha pete na kitufe. Terminali 86 ya rilei iungwe na waya mweusi wenye mstari wa njano, 85 iungwe na waya wa kahawia unaokwenda kwenye usukani, 30 ilishwe moto kutoka kwenye boksi ya fyuzi kupitia fyuzi yake yenyewe ya ampea 15, na 87 ipeleke moto kwenye honi, ambazo ethi yake sasa itatoka kwenye chasisi moja kwa moja. Kitufe cha mzee kinabaki kilekile katikati ya usukani, kikibeba mkondo mdogo tu wa rilei. Lakini tengeneza kwanza njia ya asili ndipo uongeze rilei. Rilei iliyofungwa juu ya ethi mbovu haisaidii.

Vipuri usihofu. Kombi ya umbo hilo ilianza kutengenezwa Ujerumani mwaka 1967, ikakoma huko 1979, lakini Brazil iliendelea kuijenga mpaka mwisho wa 2013, kwa hiyo kapulingi, tepe za ethi na honi bado zinauzwa. Unapoagiza honi taja volti 12, kwa sababu Kombi nyingi za kabla ya toleo la 1967 zilikuwa za volti 6 na honi zake bado zimo madukani.

Ukimaliza, rudisha waya wa namba 15 kwenye koili, kisha klemu ya betri. Washa swichi, kanyaga breki mtu aangalie taa nyuma, jaribu indiketa pande zote mbili, ndipo ubonyeze honi usukani ukiwa katikati, kisha ukiwa umekatwa kushoto mpaka mwisho, kisha kulia. Ikikataa kwenye moja ya hizo nafasi tatu, niandikie nafasi ipi na testa ilisema nini kwenye nati ya usukani.